Umugezi au Umuvu

Athanasie ndiye aliyenipa habari hii, mwaka wa tisini na tano, tukichambua maharage mlangoni kwake Remera. Yote yalitendeka nyumbani kwake, na yeye si mtu wa kuongeza chumvi.

Siku ya posa, Mukunde, binti aliyekuwa amempa hifadhi tu, alifunga vazi lake la kuazima, akalifungua, akalifunga tena. Mara dirishani, mara mlangoni, mara anachungulia pembeni mwa pazia.

"Kaa chini, mwanangu," Athanasie akamnong'oneza. "Bibi harusi gani anatembea kama askari wa zamu?"

"Na wakijua?"

"Watajulia wapi? Kaa."

Uani wageni walikuwa wameshakaa, upande wa bwana umeuelekea upande wa bibi, pombe ya ndizi katikati. Keith, mchumba wake, alikulia Uganda. Alimwambia kwao ni ukoo mkubwa, na kwamba baba yake mdogo, Mzee Bizimana, atatoka Mbarara kuja kumsemea. Mzee huyo, alisema, hana mchezo na mambo ya asili ya mtu.

Mukunde, baada ya ile miezi ya vita, hakubakiwa na ndugu hata mmoja. Lakini Keith alipomuuliza nani atawapokea watu wake, aibu ilimshika, akajikuta anasema, "Baba yangu mdogo."

Baba mdogo hakuwepo. Athanasie ilibidi ashuke mtaa wa Gitega akamtafute Mzee Cassien, muuza tumbaku mwenye ulimi mwepesi. Alimpa sabuni, akamvika koti, akamfundisha majina ya wazazi wa binti. Wageni wakigundua, Mukunde aliwaza, watabeba pombe yao waondoke, na Keith ataondoka nao.

Kijana mmoja wa upande wa bwana alisimama kusalimu, akamwita bwana harusi Kenneth. Watu wakacheka. Mukunde akazidi kuogopa. Ukoo wa namna gani huu, mkubwa mpaka wanachanganya majina?

Ndipo Mzee Bizimana akasimama.

"Tumesikia hapa kuna maji mazuri," akasema. "Tumekuja na mtungi."

"Maji yako tele," Cassien akajibu. "Shuka hapo Nyabugogo, hakuna atakayekuzuia."

"Ya Nyabugogo ni tope tupu, mzee mwenzangu. Sisi tunataka haya. Ila tujue kwanza: ni umugezi au ni umuvu?"

Ndani, Mukunde akasimama palepale alipokuwa. Umuvu ni yale maji ya mvua yanayoporomoka mtaroni kwa kelele, yanabeba ndala za watu, na kabla hujaziokota yamekwisha. Umugezi ni maji yenye kwao. Ukiufuata kwenda juu, hata uchoke vipi, utaikuta chemchemi.

"Umugezi," akasema Cassien.

"Hata umuvu ungekuwa na mdomo ungesema hivyo."

"Na nyinyi mlioporomoka kutoka Mbarara kwa kelele zote hizo, tuwaite nini?"

Pande zote mbili zilicheka. Keith peke yake hakucheka. Alikuwa anafuta jasho shingoni, macho chini. Mukunde alimwona kupitia pazia. Ameshashuku, akawaza.

"Basi, utani tuuweke kando," Bizimana akasema, na uso wake ukawa umebadilika. "Nipandishe mpaka kwenye chemchemi. Babu wa huyu binti ni nani?"

Jina la baba walimfundisha Cassien, na la mama, hata kilima walichotoka. La babu walilisahau. Mukunde alimbana Athanasie mkono mpaka ukamuuma, kisha akauachia, akashika pazia. Bibi harusi hatoki kabla hajaitwa, lakini mguu wake mmoja ulikuwa umeshatangulia.

"Mugenzi," akasema Cassien, na sauti haikutetemeka.

Jina hilo Mukunde hakuwahi kulisikia kwao.

Bizimana alimtazama mwenzake. "Mugenzi yupi? Yule wa ng'ombe mweusi aliyekatika pembe?"

"Huyo."

"Aliyekuwa anamwimbia kila asubuhi, asipomwimbia hatoi maziwa?"

"Huyo huyo."

"Basi huyo namjua," Bizimana akasema taratibu. "Ni umugezi. Leteni mtungi wetu."

Wanawake wakapiga vigelegele, Mukunde akaitwa, akatoka, akakaa karibu na Keith. Pombe ikanywewa, nyimbo zikaimbwa, lakini binti hakuionja raha hata kidogo. Mtu wa Mbarara atamjuaje babu ambaye hayupo?

"Ananitega," alimwambia Athanasie wageni walipoondoka. "Ataenda kuuliza watu. Twende Gitega tumwambie Mzee Cassien asilitaje tena jina hilo."

"Leo leo?"

"Sitapata usingizi, shangazi."

Walimfunikia mzee sahani ya ndizi na nyama, maana kwa kusema sana hakuwa amekula, wakatelemka jua likiwa bado halijazama. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi nusu. Mukunde akabisha hodi kidogo, akausukuma.

Cassien alikuwa amelala chali mkekani, koti mwilini, anakoroma. Kando yake, viatu amevipanga ukutani, alikuwa amejinyoosha Mzee Bizimana, macho wazi.

Mukunde alibaki na sahani yake mkononi.

Bizimana akaweka kidole mdomoni.

"Taratibu, binti," akanong'ona. "Ukimwamsha mwenzangu wa chumba, ataanza tena kuniuliza nimetoka wapi."

Akavuta upande wake wa blanketi, akageukia ukutani, akalala.