Doa la Kwenye Pindo

Bi Jamna alifika nyuma ya jukwaa la maonyesho ya mavazi akiwa na sari aliyoifuma na bakuli la maji ya chumvi ya kuifulia. Alipokuwa akiifuma, uzi ulimkata kidole, damu ikadondokea pindo, na kwao nguo yenye damu haivaliwi.

"Usiifue, mama," alisema Nirav, mbunifu wa mavazi, akampokonya sari na kumvisha mwanamitindo.

Ukumbini makofi yakalia. Nirav akarudi anacheka.

"Wamelipenda hilo doa. Wanasema ndiyo kazi ya mkono hiyo. Wanataka sari arobaini, kila moja iwe na doa lake."

"Nitatia rangi nyekundu."

"Wateja wangu siwadanganyi, mama."

Akaondoka. Bi Jamna alikitazama kidole. Kidonda kilikuwa kimeanza kufunga. Taratibu, kwa ukucha wa gumba, akaanza kukibandua kigaga.