Jino la Lorine

Daktari aliweka kichupa mezani. Ndani mlikuwa na jino la mbele, limegeuka jeusi.

"Si TB, mama. Hili ndilo tumelitoa kwenye pafu lako. Lilifikaje humo?"

"Alianguka bafuni," mumewe akadakia, mkono wake ukimbana Lorine shingoni.

Lorine akapitisha ulimi kwenye pengo. Miaka miwili ametema damu mtaani kwao Mbotela, akimeza dawa za TB, majirani wakimkwepa. Ngumi ya mumewe aliikumbuka vizuri: kisogo kikigonga karo la kuoshea vyombo, jino liking'oka, damu ikijaa mdomoni, kisha akavuta pumzi kwa nguvu ili apige nduru.

Akauondoa ule mkono shingoni, kidole kimoja baada ya kingine.

"Daktari, funga mlango. Huyu asitoke."