Bunduki ya Kwanza ya Raelynn

"Hiyo umeitoa wapi, Dewey? Duka la midoli?"

Mzee Hollis Tackett alitema tumbaku kwenye kikombe cha karatasi na kuisukuma bunduki kwa kidole kimoja, kama mtu anayesukuma sahani ya chakula kilicholala.

Dewey Crump, mwenye duka, aliirudisha kabatini. Ilikuwa bunduki ya marisau, ya kuwindia ndege, ya pili kukataliwa asubuhi hiyo. Ya kwanza haikufika hata kwenye kaunta, maana kitako chake kilikuwa cha plastiki. "Plastiki ni ya ndoo," Mzee Hollis alikuwa amesema.

Msimu wa kuwinda bata mwitu ulikuwa unafunguliwa Jumamosi. Mashamba ya mpunga yalikuwa yameshajazwa maji ili bata watue, na upande huo wa Arkansas hakukuwa na mtu aliyezungumza jambo jingine. Mzee Hollis alikuwa amekuja na mjukuu wake Raelynn, msichana wa miaka kumi na mitatu, kumtafutia bunduki yake ya kwanza. Wiki iliyopita Raelynn alijaribu kuinua ile ya babu yake, chuma cha zamani, kizito. Ikamshinda, akakaa kwenye ngazi za nyumba akalia mbele ya watu. Mama yake ndiye aliyesema basi, mtoto anunuliwe iliyo nyepesi.

"Analilia bunduki!" Mzee Hollis alimwambia Dewey. "Mimi kwa umri wake nilikuwa nabeba ile ile kwenye tope, na mdogo wangu mgongoni."

"Watoto wa siku hizi, mzee."

"Watoto wa siku hizi ni uji mtupu."

Raelynn aliangalia mabuti yake.

Dewey alileta ya tatu. Kitako kilikuwa cha mti wa jozi, mtutu mwembamba. "Hii inajipakia yenyewe," alisema. "Ukifyatua, nguvu ya risasi ndiyo inayosukuma ganda nje na kuingiza risasi nyingine. Kwa hiyo bega halipigwi sana. Na nyepesi, mzee, kama fimbo ya kuvulia samaki."

"Kwa hiyo hata kupakia hapakii. Na bata nani atamtafunia? Wewe?"

Wanaume wawili waliokuwa wakinywa kahawa karibu na jiko walicheka. Mmoja wao, Travis Odom, jirani yake Mzee Hollis, hakuweza kujizuia. "Lakini mzee, mwaka jana na wewe ulituangusha. Bata wanapita juu ya kofia yako, na wewe umetulia kama uko kanisani."

"Nilikuwa namfundisha mtoto kusikiliza. Kuwinda kunaanzia masikioni," Mzee Hollis alisema bila kugeuka. "Lakini wewe utajuaje, Travis, na windo lako ni miti?"

Vicheko vikahamia kwa Travis. Raelynn akatumia nafasi hiyo kumsogelea Dewey.

"Ukiipiga asubuhi nzima, bega litauma?"

"Hata kidogo, binti."

"Na kama mkono mmoja una nguvu kuliko mwingine?"

"Yako yote miwili haina nguvu," babu yake alidakia. "Usiibague."

Walienda nyuma ya duka, kwenye uwanja wa kulengea shabaha. Dewey alirusha kisahani cha udongo. Raelynn alifyatua, akakikosa. Cha pili nacho kikaenda kikaanguka kizima kwenye majani. Mzee Hollis aliinua macho mbinguni, kana kwamba ana kesi huko.

"Ukoo mzima wa Tackett," alisema, "tangu babu yangu, hakuna aliyewahi kuwafurahisha bata kiasi hicho."

"Basi nionyeshe, babu."

"Nikuonyeshe nini? Kushika mdoli?"

"Nionyeshe tu."

Aliipokea kwa mkono wa kulia, kwa kinyaa. Akaipima uzito, akaguna. Kisha akaweka mkono wa kushoto chini ya mtutu, akakaa hivyo kitambo, mpaka Dewey akadhani amebadili mawazo.

"Rusha," alisema.

Kisahani kiliruka. Bunduki ikapanda polepole, ikafika begani, na kisahani kikavunjika kuwa vumbi la rangi ya machungwa.

Mzee Hollis aliitazama bunduki kama mtu aliyetukanwa na mtoto.

"Rusha kingine."

Kikavunjika.

"Viwili. Usinipumzishe kama mgonjwa."

Vyote viwili vikavunjika. Raelynn alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja. Mzee Hollis alimrudishia Dewey bunduki, akajifuta jasho kwa mkono wa shati, akatafuta tusi linalofaa.

"Takataka," alisema hatimaye. "Haina sauti, haina uzito, haina adabu. Lakini kwa mtoto wa uji itatosha. Ifunge. Naleta pikapu mlangoni."

Alipotoka, Dewey aliilaza bunduki kwenye kaunta, akachukua futi ya kupimia na kumtazama Raelynn kwa huruma.

"Usimsikilize, binti. Utazoea. Ila kitako ni kirefu mno kwako. Nyoosha mkono nipime, nikifupishe."

Raelynn alitupa jicho mlangoni kwanza.

"Usikiguse," alisema. "Kimemkaa babu sawasawa. Tangu apate kiharusi, leo ndiyo mara ya kwanza nauona ule mkono wake wa kushoto ukifika begani."

Dewey aliirudisha futi mfukoni. "Na Jumamosi, akikwambia upige?"

"Jumamosi nitaumwa tumbo."