Somo la Paka-Mwitu

Mpole aliichana picha ya paka-mwitu kwenye mlango wa friji kabla hata hajanywa chai.

Ilikuwa ya saba wiki hiyo. Kila alipochana moja asubuhi, mchana watoto walichora nyingine: madoadoa mwili mzima, vishungi vyeusi masikioni, mkia mfupi kama umekatwa kwa mkasi. Na chini yake, kwa mwandiko wa binti yake wa miaka minane, neno lilelile: USIKIMBIE.

"Mama watoto," alisema, akijitahidi kuishusha sauti, "mtihani ni Jumatatu. Mkaguzi atamuuliza binti yangu kuzidisha na kugawanya. Hatamuuliza habari za paka."

"Viumbe hai navyo vimo kwenye mtihani, baba watoto."

"Lakini paka-mwitu wa aina hii hata hapatikani huku! Yuko huko kwenye nchi za mbali, porini. Hawa watakutana naye wapi? Sokoni?"

Mkewe aliokota vipande vya karatasi sakafuni. Hiyo ndiyo tabia yake iliyomkera kuliko zote, kunyamaza kama ukuta kisha kwenda kufanya lake.

Mtu akiudhiwa ana haki ya kuudhika, na Mpole alikuwa ameudhiwa vya kutosha. Ni yeye aliyewatoa watoto shuleni, baada ya mwalimu mmoja mmbea kuanza kumhoji binti yake maswali yasiyo ya darasani. Ni yeye aliyeapa mbele ya ofisi ya elimu kwamba watasomea nyumbani, mama yao atawafundisha, na watawapita wenzao. Wakifeli Jumatatu, watarudishwa kulekule, na yule mwalimu atacheka hadi jino la mwisho. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema. Yeye alikuwa anamkunja, na humohumo ndani ya nyumba yake kulikuwa na mtu wa kumnyoosha. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kazini, alikokuwa fundi wa lifti, hakuna aliyejua adha hizo. Huko ndiko walikombandika jina la Mpole, likamkaa. Asubuhi hiyo msimamizi alimfokea mbele ya wapangaji kwa sababu lifti ilikuwa imekwama na bibi mmoja ndani, kosa la fundi wa zamu iliyopita. Mpole alisema "samahani, mkuu" mara tatu, akatabasamu, akafunga sanduku lake la vifaa.

"Huyu jamaa ukimkanyaga anakuomba radhi yeye," fundi mwenzake alitania, na wote wakacheka, Mpole naye akacheka.

Kipuri kilikuwa hakijafika, hivyo saa nne akaruhusiwa kwenda nyumbani. Njia nzima yale maneno ya msimamizi yalikuwa yakimrudia, na kila yaliporudi yalimkuta na paka-mwitu kichwani. Alipofika ghorofa ya tatu damu ilikuwa inamchemka.

Hakuhitaji ufunguo. Kitasa kilikuwa bado kibovu tangu siku ile mkewe alipojifanya hasikii mlango ukigongwa, ikabidi atumie bega. Alisukuma taratibu, akasimama ukumbini nyuma ya pazia la sebule. Leo alitaka kumfumania papo hapo, asiwe na la kusema.

"Tena," mkewe alikuwa akisema. "Tutajuaje kwamba yuko karibu?"

"Tunasikiliza hatua zake," binti alijibu haraka haraka. "Zikiwa nzito, amechoka tu. Zikiwa nyepesi, ananyatia."

"Akinguruma?"

"Akinguruma bado tuna muda. Akinyamaza ndiyo hatari."

"Tukikutana naye?"

"Hatukimbii. Hatumpi kisogo. Hatumwangalii machoni, tunaangalia miguu yake ya mbele. Namwinua mdogo wangu, tunarudi kinyumenyume hadi mlangoni."

"Vizuri sana. Mara ngapi tumefanya leo?"

"Kumi na nne."

Mara kumi na nne! Saba mara nane hawaijui, lakini paka wameshamkariri kama sala.

"Mama," kitindamimba wake wa miaka minne aliuliza, "kwani yeye ana watoto?"

"Anao."

"Anawapenda?"

Mkewe alichelewa kujibu. Ndiyo matunda ya kufundisha usichokijua, Mpole alijiambia; mtoto mdogo tu kashakukwamisha.

"Haya, tena," mkewe alisema mwishowe. "Mlango wa jikoni uko wapi?"

Hapo ilitosha. Njiani kote alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia, mengine makali, na alikuwa amekusudia kuyatoa kwa sauti ambayo hata majirani wangeisikia. Ajabu ni kwamba sasa hakutaka tena kupiga kelele. Aliliweka sanduku la vifaa sakafuni bila kuligongesha. Alikunja mikono ya shati, mmoja baada ya mwingine, akalisogeza pazia, akaingia.

Hakuna aliyekimbia. Binti alimwinua mdogo wake kiunoni na kuanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, macho yake kwenye mikono ya baba yake. Nyuma yao mama alikuwa ameshaufungua mlango wa jikoni.

"Dada," mdogo alinong'ona, amemkumbatia shingo, "amenyamaza."