Gari Lisilopiga Hodi

"Tena," alisema Ngowa, akavuka barabara.

Nimesh alikanyaga mafuta, Pajero ikanguruma. Ngowa alisimama ng'ambo, mbele ya duka la dawa, kichwa amekiinamisha upande kama anayesikiliza moyo wa ng'ombe. Ndiyo kazi yake. Kijiji chote cha Kakuyuni humwita Daktari kwa ajili ya mifugo. Akatikisa kichwa, akarudi gereji.

"Hii nayo haifiki mbali."

Ilikuwa silensa ya tatu asubuhi hiyo. Nimesh alizima injini, akajifuta mikono. Amefunga mabomba ya moshi hapo Malindi tangu ujana wake, na hajapata kumwona mtu wa mvi akililia kelele.

"Daktari, haya ni mambo ya vijana wa Nairobi wakija Krismasi. Wewe unamtambia nani? Mbuzi?"

Ngowa alitabasamu kidogo, basi. Kucheka kulikuwa kumemtoka tangu alipomzika mwanawe.

"Bomba langu la zamani lilikuwa limetoboka," alisema. "Lilisikika nyumbani toka kwenye kinu cha unga. Lilipong'oka, nikafungiwa hili la kimya kule Kilifi. Limeniharibia nyumba."

"Silensa ikuharibie nyumba?"

Ngowa alitazama pembeni. Wamejuana miaka mingi. Asipomwambia Nimesh, atamwambia nani?

"Kuna mtu huja kwangu nisipokuwepo. Hukaa na Kabibi. Zamani alinisikia nikiwa bado mbali, akatoka kwa mlango wa nyuma. Sasa nafika kama mwizi."

Nimesh aliiweka spana chini polepole.

"Mkeo anajua kwamba unajua?"

"Anajua."

"Na wewe unataka huyo mtu apate nafasi ya kuondoka."

"Nataka apate nafasi ya kuja."

"Ukistaajabu ya Musa..." alianza Nimesh, asimalize. Kisha akasema kwa upole, "Basi si upige honi tu?"

"Honi humwambia mtu ondoka. Mlio wa gari humwambia tu kwamba naja."

"Na simu?"

"Kabibi ameizima yake tangu msiba."

Nimesh aliiokota spana. Alimwonea huruma, na Ngowa aliiona huruma ile, ikamwachia upweke zaidi kuliko kama angechekwa. Jina la yule mtu hakulitaja. Asingelitaja mbele ya yeyote.

Siku ile ya kwanza na bomba jipya haikumtoka kichwani. Aliingia uani bila mlio, akamkuta Kabibi amejilaza mkekani, kichwa mapajani mwa yule mtu, anapapaswa nywele. Yule mtu aliinuka ghafla hata kichwa cha Kabibi kikagonga sakafu. Ngowa aliinamisha macho. Alisikia mlango wa nyuma ukibamizwa, na alipotazama tena, majani ya mihogo yalikuwa bado yanatikisika huko nyuma. Kandambili moja ilibaki kizingitini. Yeye hakuigusa, na Kabibi hakuigusa.

Tangu hapo mgeni hakurudi. Kabibi, aliyekuwa ameanza kula, aliacha tena. Mwenye kovu usidhani kapoa. Zamani Ngowa akifika alikuta vikombe viwili mkekani, na usoni mwa mkewe mabaki ya kicheko ambacho hakikuwa chake. Kilimuuma, hakatai. Lakini afadhali kicheko cha kuazima kuliko nyumba isiyo na sauti. Sasa walikaa wawili, kila mmoja amegeukia ukuta wake, na Ngowa alijua wazi kwamba mgeni asiporudi, atamzika na mke.

Nimesh aliingia stoo, akatoka na silensa fupi, nene, imeshika vumbi.

"Hii ilirudishwa na mtu wa hoteli Kikambala. Wageni walilalamika."

Wakaifunga. Ngowa akavuka barabara, na safari hii hakuishia duka la dawa. Alikwenda mpaka kona ya msikiti. Aliporudi alikuwa akijifuta macho.

"Iache hiyohiyo."

Kila alasiri, alipofika kwenye kinu cha unga, alikanyaga mafuta. Mbuzi walitawanyika. Wanawake waliosubiri kusagiwa waliziba masikio, wakasema Daktari uzee unamwingia vibaya. Aliwasikia, akapita. Nyumbani alikuta kimya kilekile, Kabibi yuleyule, na kandambili palepale. Alikula peke yake, akaosha sahani yake, akalala akimsikiliza mkewe ambaye naye hakulala.

Siku moja ya Ijumaa alinguruma kama kawaida, akaendesha taratibu, akasimama langoni. Akabaki ndani ya gari, macho kwenye usukani.

Mlango wa nyuma ulibamizwa.

Hakuinua macho. Alisubiri hadi alipodhani majani ya mihogo yametulia, kisha akasubiri tena kidogo, mtu nje ya nyumba yake mwenyewe. Ndipo akashuka.

Kandambili haikuwepo kizingitini. Mkekani palikuwa na vikombe viwili, kimoja bado kinafuka moshi, na sahani ya mihogo iliyoliwa ikaisha. Kabibi alikuwa ameketi wima, nywele zimesukwa upande mmoja tu. Alimtazama mumewe usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kaburini. Akaenda kuleta kikombe cha tatu, akamimina chai, akamsogezea.

"Mama amesema nikusalimu," alisema, kwani kwa mila yao mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. "Anasema gari la mkwewe sasa lina adabu."