Sururu ya Kwenda Chini

"Si hiyo, shemeji. Nataka inayokwenda chini," alisema Kel Brodie, akiirudisha sururu ya tatu mezani.

Verna Tuckett aliipokea, akaitundika tena ukutani. Kila alipoitwa shemeji na mdomo ule alitamani kuuziba kwa mpini. Hakuna binadamu ambaye Verna alimchukia kama huyu katika mji mzima wa machimbo wa Leonora, na ukuta wa duka lake ulijaa sururu toka mlangoni hadi nyuma.

Kel alikuwa rafiki wa mumewe. Walikula sahani moja, walilala hema moja porini, na Athol ndiye aliyemfundisha kushika detekta, ile mashine ya kunusa dhahabu ardhini. Kisha Athol akalazwa hospitali ya mbali, Perth, na leseni ya kitalu chake cha kuchimbia dhahabu ikaisha muda akiwa kitandani. Wiki ileile Kel akakikatia leseni kwa jina lake. Baadaye alikwenda kumjulia hali mgonjwa na zabibu mkononi, akapiga soga, asiseme lolote. Athol alizisikia habari kwa watu wengine, na hakuishi sana baada ya hapo. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo, lakini huyu alimla mtu mpaka na nguo yenyewe.

"Chini kiasi gani?" Verna aliuliza.

"Chini kabisa. Mpaka bega liingie."

"Basi achana na hizi pana, hizi za kukwangulia juu juu. Chukua hii. Ulimi mwembamba, chuma cha springi ya lori, mpini mrefu. Na ina sumaku kichwani, itakuokotea misumari na makopo."

Kel akacheka. "Sumaku ya nini? Ninachochimba mimi hakishiki sumaku."

Verna aliinama haraka chini ya meza, akajifanya anatafuta kitambaa, ili uso wake usionekane.

Kingeshikaje? Ilikuwa risasi, ile metali laini ambayo wavuvi huzamishia nyavu, na aliyeizika ni yeye Verna. Detekta hulia sauti ileile tamu, ikute risasi au ikute dhahabu, na sumaku haizigusi zote mbili. Kila Jumamosi, Kel alipokuja mjini kutazama mpira baa, Verna alifunga duka, akaendesha gari hadi kitaluni, akachimba shimo la kufika magotini, akatupa donge la risasi, akafukia. Kisha alitawanya changarawe nyekundu juu yake na kuifagia kwa tawi. Alifanya hivyo mwaka mzima. Mgongo ulimuuma hadi katikati ya wiki, na aliyapenda maumivu yale. Alitaka Kel achimbe kama mbwa mwenye njaa, apate takataka, achimbe tena, mpaka anyooshe mikono na kukiachia kitalu. Siku hiyo Verna angekuwa wa kwanza mlangoni pa ofisi ya madini, na kitalu kingerudi kwenye jina la Tuckett.

Na siku hiyo ilikuwa karibu. Mwezi uliopita baa nzima ilimsikia Kel akiapa kwamba asipopata kitu kabla ya joto kuanza, atafungasha virago.

"Umekonda, Kel," Verna alisema, akiifuta sururu taratibu. "Si upumzike? Ardhi nyingine inamkataa mtu."

"Ehe, hata mimi nilidhani imenikataa! Hebu niambie, shemeji, Athol alikuwa anatuimbia nini kila siku? Ukishatoa kitu shimoni..."

"Rudisha detekta shimoni kabla hujafukia."

"Umeona? Na mimi mvivu, sikuwa nafanya. Natoa risasi, natukana, nafukia, naondoka. Majuzi nikapata risasi nyingine, hasira zikanipanda, nikaitupa detekta humohumo shimoni. Ikalia!"

Alichomoa soksi mfukoni, akaikung'uta juu ya meza. Donge la dhahabu likatua kwa kishindo, ukubwa wake kama yai la kuku.

Verna hakuligusa.

"Ukiwa juu detekta haiwezi kulisikia hili hata siku moja," Kel aliendelea. "Risasi ndiyo iliyonishusha. Jana nikayafukua mashimo mengine mawili, na moja nalo linalia. Sururu yangu imevunjika humo. Nimewaza sana, shemeji. Risasi hazijiziki. Ni Athol yule, aliweka alama palipo na mali, akafukia. Na mimi, pamoja na yote niliyomtenda, nazifuata alama zake moja moja." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Nilikuwa nakiachia kile kitalu mwisho wa wiki, kweli tena. Sasa hata mnikokote kwa farasi sitoki."

Alilipa bila kuomba apunguziwe, akaitia sururu begani.

"Kel." Verna alijishika ukingo wa meza. "Lilikuwa chini ya nini?"

"Chini ya ule udongo mweupe, mgumu kama saruji. Shibiri moja tu."

Verna aliukumbuka udongo ule. Ulimshinda nguvu siku alipochimba shimo lile, akaketi juu yake humo shimoni, akala mkate wake wa jibini, kisha akaweka risasi yake na kufukia.