Goti la Subilaga

Sheria ilikuwa wazi: hakuna kustaafu maadamu goti linatengenezeka. Subilaga, mchuma chai wa miaka sabini na moja, alikuwa ameshapandikizwa gegedu, ule mfupa laini wa goti, uliooteshwa kwa seli zake mwenyewe, mara mbili, na mara mbili akarudishwa shambani. Sasa alikaa mbele ya daktari pamoja na binti yake, Tusekile.

"Seli zako hazioti tena, mama," daktari alisema. "Zimechoka."

Subilaga alishusha pumzi. Alijiona barazani kwake, amenyoosha miguu, hana wa kumharakisha.

"Lakini za mtoto wako zinafaa, akiridhia."

Chini ya meza, Subilaga alimfinya binti yake mkono anyamaze. Tusekile alidhani mama anamwonea huruma.

"Mama, sitaki kukuona ukitambaa kwenda chooni," alisema, machozi yakimlenga. "Ulinibeba mgongoni. Nitakunyimaje kipande cha goti?"

Akabonyeza kidole gumba kwenye kioo cha kompyuta ya daktari, kuridhia.

"Hongera, mama," daktari alisema. "Umepata miaka kumi na miwili mingine ya kazi."

Tusekile alimkumbatia mama yake kwa furaha. Subilaga aliinama, akaanza kulipapasa goti la mwanawe, lililokuwa bado zima, polepole.